Mti kwa Unene wa Kucha

Huku Kahama, na ukivuka kwenda Geita vilevile, vinia ni neno la aibu. Mteja akilipenda kabati huligonga kwanza kwa kidole, akatega sikio, kisha akauliza: "Fundi, hii ni mbao kweli au vinia?" Ukimwambia ni vinia, bei inashuka papo hapo na jina lako linashuka nayo. Mninga mtupu, unene wa inchi nzima, kitanda kizito cha kubebwa na wanaume wanne: hicho ndicho kitu. Vinia, kwa fikra za wengi, ni mbao ya uongo, karatasi iliyovalishwa sura ya mti ili kumpumbaza mnunuzi.

Dharau hiyo nimeisikia tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi. Kilichonifanya niifuatilie hadi mizizi yake ni kazi ya gari. Gari hilo lilinitoa kwenye vitanda na makabati, likanipeleka kwenye misitu ya Gabon na makaburi ya wafalme wa Misri, kisha likanirudisha kwenye ardhi ya Shinyanga, ardhi ambayo miti yake iliwahi kufyekwa kwa amri. Vinia ina historia ndefu kuliko dharau yake, na sisi wa ukanda huu tuna sababu zaidi ya wengine ya kuijua.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz ya toleo ambalo mafundi huliita W123, lililoanza kutoka kiwandani mwaka 1976 na kuendelea hadi katikati ya miaka ya 1980. Yalitengenezwa zaidi ya milioni 2.5, na Afrika yalikuja mengi kwa sababu yalivumilia barabara zetu. Hili lilikuwa la mama mmoja wa Katoro. Marehemu mumewe alianza kama mchimbaji wa duarani, akaja kuwa mnunuzi wa dhahabu, na akalinunua likiwa limetumika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakati huo ulikuwa wa neema kwa watu wa kazi yake: tangu 1990 Benki Kuu ilikuwa imeanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa bei ya kueleweka, na biashara iliyokuwa ikifanyika gizani ikatoka kidogo mwangani. Baada ya mzee kufariki, gari lilisimama nje miaka kadhaa, mbele likitazama jua la magharibi.

Injini ilikuwa na mafundi wake. Mimi nililetewa mbao: kipande kirefu cha dashibodi mbele ya abiria, na kile cha katikati kinachozunguka redio na kisanduku cha majivu ya sigara. Kile kirefu kilikuwa kimepasuka vanishi yote, nyufa ndogondogo kama tope la lambo wakati wa kiangazi, lakini mbao chini yake ilikuwa nzima. Kile cha katikati kilikuwa kimekwisha. Maji na soda za miaka mingi zilikuwa zimeingia kwenye plaiwudi ya chini, ikavimba, na vinia ya juu ikakunjamana na kumeguka.

Vijana wake walitaka ibandikwe stika ya mbao, ile ya plastiki inayouzwa kwa mita, kisha gari liuzwe. Yeye alikuwa na neno moja tu. "Fundi, mwanangu, mimi nataka milia yake ileile. Baba yao alikuwa akipitisha kidole hapa akiwa anasubiri watu."

Milia ile ni ya mti unaoitwa zebrano, jina lililotokana na punda milia. Ni miti ya jamii ya Microberlinia, na inaota katika misitu ya Kamerun, Gabon na nchi jirani. Rangi yake ni ya asali iliyokolea, imechorwa mistari myembamba ya kahawia iliyokaribiana. Ukikata gogo kwa njia ya kawaida mistari inakwenda ovyo kama mawimbi. Ukilikata kwa kufuata nusu kipenyo chake, kutoka ganda kuelekea kiini, mistari inanyooka kama daftari la shule. Ndiyo sura waliyoitaka watengenezaji wa Stuttgart.

Nilipomweleza mama kwamba mti ule ni wa Afrika alicheka. Alikuwa akiamini ni wa Ujerumani, kama chuma chake. Na kweli safari ya mti huo ina kichekesho. Gogo linakatwa Afrika ya Kati, linapandishwa meli kwenda Ulaya, linalainishwa kwa mvuke na kukatwa karatasi nyembamba, linabandikwa kwenye dashibodi, kisha linarudi Afrika likiwa ndani ya gari la waziri, la meneja wa shirika la umma, la mfanyabiashara. Katika miaka ya 1960 watu wa Kenya na Tanganyika walikuwa wamekwisha kutunga jina la waliopanda magari hayo: Wabenzi, kana kwamba ni kabila jipya. Azimio la Arusha la Februari 1967 likawakataza viongozi kuwa na hisa kwenye makampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Lakini gari la serikali lilibaki, na ndani yake mbao inayong'aa. Katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam limehifadhiwa hata Rolls-Royce lililotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere.

Kwa hiyo mbao ndani ya gari haikuwa mapambo tu. Ilikuwa alama ya cheo. Na alama hiyo ya cheo, hata kwenye magari ya kifalme, ilikuwa vinia. Wale wa Rolls-Royce walizoea kuvalisha gari zima kwa karatasi za mti mmoja, mara nyingi nundu ya mjozi, ule mti wa jozi za Ulaya, ili mbao zote zizeeke kwa rangi moja. Karatasi mbili zilizofuatana kwenye gogo zilifunguliwa kama kurasa za kitabu, kushoto na kulia zikawa kama uso na kivuli chake kwenye kioo. Mteja wa London aliyelipa bei ya nyumba hakugonga dashibodi kwa kidole kuuliza kama ni mbao kweli.

Basi dharau ilitoka wapi? Nilipotafuta, niligundua kwamba ni ya zamani sana, lakini haikuwa ya kwanza. Cha kwanza kilikuwa uhaba. Misri ya kale ilikuwa nchi yenye dhahabu nyingi na miti michache. Mbao nzuri zilitoka mbali: mierezi kutoka Lebanoni, na mbao nyeusi kutoka kusini, Nubia na nchi waliyoiita Punt. Mafundi wa Farao walizipasua mbao hizo vipande vyembamba na kuvibandika juu ya mbao za kawaida kwa gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Katika kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922, vilikutwa visanduku na samani zilizofunikwa kwa namna hiyo, mbao nyeusi na pembe za ndovu zikiwa zimekaa mahali pake baada ya zaidi ya miaka 3,200.

Mbao ile nyeusi Wamisri waliiita kwa neno ambalo lugha za Ulaya zimelirithi kuwa jina la mti mwingine wa India na Ceylon. Lakini wataalamu walipoipima mbao yenyewe waliona ni Dalbergia melanoxylon, yaani mpingo. Mti huohuo ambao kwetu unachongwa vinyago, na unaotengenezewa zumari na klarineti duniani kote. Fundi wa Farao alikuwa na mpingo kidogo na kazi nyingi, akaamua kuufanya utoshe. Hakuwa akimdanganya mtu. Alikuwa akiuheshimu mti.

Malalamiko yalikuja Roma. Mwandishi Plinio Mkubwa, aliyekufa mwaka 79 wakati mlima Vesuvius ulipolipuka, alinung'unika kwamba watu wamebuni kupasua mbao kuwa karatasi ili mti mmoja uuzwe mara nyingi. Kwake huo ulikuwa ujanja wa wafanyabiashara. Nikiyasoma malalamiko yake leo nayaona kama sifa: mti mmoja kuuzwa mara nyingi maana yake ni miti mingine kubaki imesimama.

Hadi karne ya 18 vinia ilipasuliwa kwa msumeno wa mkono, watu wawili wakivutana, na kila karatasi ilikuwa nene kiasi na ghali sana. Mwaka 1806 mhandisi Marc Isambard Brunel, Mfaransa aliyehamia Uingereza, alipata hataza ya mashine ya kupasulia vinia, na kiwanda chake cha Battersea kikazitoa kwa wingi. Baadaye zikaja mashine za kisu zinazokata bila kutoa unga wa mbao kabisa, na nyingine zinazolizungusha gogo na kulimenya kama mtu anavyomenya chungwa bila kukata ganda. Vinia ikashuka bei. Ilipofika kwa watu wa kawaida, matajiri wakaanza kuicheka. Charles Dickens, katika riwaya yake Our Mutual Friend iliyotoka 1864 na 1865, aliipa familia ya matajiri wapya jina la Veneering, yaani watu wa vinia: kila kitu chao kinang'aa juu, chini hamna kitu. Angeishi Dar es Salaam miaka mia moja baadaye pengine angewaita Wabenzi.

Tusi hilo likasafiri na samani. Siku hizi kuna viwanda vya kumenya mikaratusi kule Mafinga, na maduka yetu yamejaa mbao za unga zilizogandishwa na kufunikwa karatasi iliyochapishwa picha ya mti. Mteja anayegonga kabati ana haki ya kuogopa. Ila anachanganya vitu viwili: picha ya mti, na mti wenyewe uliokatwa kwa unene wa kucha.

Hapa ndipo Shinyanga inapoingia.

Ukiingia Shinyanga kutoka Kahama unaona nchi inavyofunguka: tambarare, mawe, ng'ombe, pamba, na miti ya miiba iliyotawanyika. Wengi wanadhani ndivyo Mungu alivyoiumba. Sehemu kubwa ilikuwa pori. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipita Afrika Mashariki na kuua ng'ombe karibu wote. Palipokosa mifugo na watu, vichaka viliota, na vichaka vikaleta mbung'o. Waingereza walipoichukua Tanganyika walikuta mbung'o wakisogea kwenye malisho. Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori na kisha mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o, aliifanya Shinyanga kuwa makao ya utafiti huo. Katika miaka ya 1920, kwa ushirikiano na watemi kama Makwaia wa Usiha, maelfu ya wanaume walitolewa vijijini na mashoka yao kufyeka pori ili mbung'o wakose kivuli. Swynnerton alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Kazi ya kufyeka iliendelea. Mbung'o walirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikapanuka. Na miti haikurudi.

Upande wa Geita miti ilikwenda kwa njia nyingine. Mgodi wa chini ya ardhi ulifanya kazi huko tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na wachimbaji wadogo walikuja baadaye kwa maelfu, Nyarugusu, Katoro na kwingineko. Anayeingia duarani anajua kwamba mwamba hauna huruma. Kuta lazima zishikiliwe kwa miti, ile tunayoiita matimba. Kila duara linameza magogo, yanaoza kwa unyevu, yanabadilishwa. Hapo siwezi kumwambia mtu apunguze unene. Matimba membamba ni msiba. Mama wa Katoro aliniambia mumewe, hata alipokuwa tajiri, hakuacha kuangalia matimba kabla ya kuangalia dhahabu.

Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa la Tanzania. Wanawake walitembea nusu siku kutafuta kuni, na kinyesi cha ng'ombe kilikuwa kinachomwa badala yake. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na ulipochoka kugawa miche ya kigeni ukageukia jambo ambalo Wasukuma walikuwa nalo siku zote: ngitili, eneo linalofungwa wakati wa mvua ili majani yawe akiba ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Ndani ya ngitili visiki vya zamani vilichipua vyenyewe. Zilizohesabiwa mwaka 1986 zilikuwa kama hekta 600. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilizidi hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hakuna aliyepanda msitu huo. Watu waliacha tu kuukata.

Historia hiyo ndiyo iliyokuwa kichwani mwangu mama aliposema anataka milia ileile. Zebrano ingeweza kuagizwa. Lakini aina moja ya miti hiyo imo kwenye orodha ya ile iliyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani, na ile nyingine nayo haiko salama. Nikamweleza hivyo, nikamweleza pia kwamba kipande kirefu cha dashibodi kinaweza kuokolewa na milia yake, kwa kuwa mbao ni nzima. Swali lilibaki kwa kile cha katikati tu. Nikamwonyesha vipande vya miti yetu: mkongo wenye rangi ya dhahabu nyekundu, mvule unaopauka kisha kukolea, mtiki wenye mafuta unaoikataa gundi usipoufuta kwanza, na mninga.

Mninga nausifu kwa sababu moja isiyoonekana kwa macho. Mbao zote hunywa unyevu na kuutoa, hutanuka na kusinyaa. Mninga husinyaa kidogo sana na ukishatulia umetulia. Ndani ya gari lililofungwa madirisha saa nane mchana mwezi wa Oktoba, mbao inakaangwa, usiku inapoa. Mti usiotulia utaichana vanishi ndani ya msimu mmoja. Uzuri wa rangi unakuja baada ya hapo: kahawia ya asali, mishipa myekundu, na nyuzi zinazojipinda kidogo hata mwanga ukasogea juu yake. Vumbi lake lakini huwasha pua na ngozi za wengine, kwa hiyo barakoa si hiari.

Ila mninga nao si wa kuchezea. Kuuvuna kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Mnamo Novemba 2022, katika mkutano wa Panama, nchi zilizo kwenye mkataba wa CITES zilikubali kuiweka miti yote ya jamii yake ya Afrika kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa, na zikataja magogo, mbao za kupasuliwa, na vinia. Nilimwambia mama kwamba sitakata mti kwa ajili ya kipande kisichozidi kiganja kwa upana. Akafikiri kidogo. Akasema dukani kwao, pale mzee alipokuwa akiweka mizani ya dhahabu, kulikuwa na kaunta ya mninga, imevunjika mguu, iko stoo.

Ubao ulioletwa ulikuwa na unene wa inchi moja, yaani milimita 25. Huku hakuna mashine ya kisu, kwa hiyo nilirudi kwenye njia ya kabla ya Brunel, nikausimamisha kwenye msumeno wa mkanda. Kila karatasi ilitoka na milimita 2, na msumeno ulikula kama milimita 1 kila ulipopita. Hesabu ni nyepesi: karatasi 8, na theluthi moja ya ubao ikawa unga. Wapo watakaosema ni hasara. Mwaka 1947 ilipatikana Mwadui, kwenye mgodi wa John Williamson, almasi ya rangi ya waridi ya karati 54.5, akazawadiwa Binti Mfalme Elizabeth kwa harusi yake. Ilipochongwa zikabaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe la Shinyanga iliondoka kwenye gurudumu la mchongaji, na sijasikia mtu akiita hiyo hasara.

Kwa kisu cha kiwandani hesabu ni kubwa zaidi. Vinia ya siku hizi ina unene wa kama milimita 0.6. Meta moja ya ujazo ya mbao ikikatwa hivyo bila unga inaweza kutoa zaidi ya meta za mraba 1,600. Ukipasua mbao za inchi moja kutoka ujazo huohuo hupati hata meta za mraba 40. Mti mmoja wa kitanda kimoja, au mti mmoja wa mtaa mzima.

Kazi yenyewe ina subira kuliko nguvu. Vanishi ya zamani niliilainisha kwa joto na kuikwangua polepole bila msasa, kwa kuwa msasa hauna macho. Ukishavuka vinia na kuona plaiwudi, hakuna cha kurudisha. Kitako cha kipande cha katikati nilikichonga upya kutoka plaiwudi nyembamba, nikifuata mipaka ya kile cha zamani tundu kwa tundu. Kisha nikachagua karatasi mbili zilizofuatana kwenye kaunta, nikazifungua kama kitabu, mishipa ikakutana katikati. Karatasi hukatwa kubwa kidogo kuliko kitako, na nyuzi zake hulazwa kukingama nyuzi za plaiwudi iliyo chini. Upande wa nyuma nao hubandikwa karatasi, ingawa hakuna atakayeuona, maana mbao iliyovutwa upande mmoja hupinda kama ulimi.

Gundi ndiyo inayoamua kama kazi itadumu. Ile gundi ya mafundi viatu inashika haraka lakini kwenye joto inateleza. Gundi nyeupe ya mbao ni nzuri kwa kabati la sebuleni. Ndani ya gari la Katoro italainika. Gundi ya Farao, ya ngozi, ilidumu kaburini kwa sababu kaburi lilikuwa kavu na kivulini. Kwenye dashibodi haina maisha. Nilitumia ile ya kuchanganya vitu viwili, inayoganda na kutorudi kuwa laini. Pale kipande kinapopinda, jiriwa haifiki sawasawa, kwa hiyo nilijaza mchanga kwenye mfuko wa kitambaa, nikaupasha moto kiasi na kuulaza juu ukiwa na uzito wake. Mafundi wa Ulaya wa karne ya 18 walifanya hivyo. Mchanga unafuata umbo lolote.

Baada ya siku mbili nilipunguza unene kwa msasa hadi karibu milimita 1, nikapaka vanishi nyembamba mara nane, nikisugua kila baada ya mkono mmoja kukauka. Mkono mmoja mnene hupendeza siku hiyohiyo na kupasuka kabla ya mwaka. Nilichagua vanishi yenye kinga ya jua, maana mninga bila kinga unapauka, na zebrano iliyo jirani yake nayo inapauka kwa mwendo wake.

Lililobaki lilikuwa swali la mama, na lilikuwa zito kuliko gundi. Milia kule mbele, mninga hapa katikati: wanaojua magari watasema si la asili. Vijana walimwambia bei itapungua. Nilimwambia ukweli kwamba wanaweza kuwa sahihi, na kwamba ningeweza kuipaka mninga mistari ya kahawia kwa brashi, ikafanana kwa mtu asiyetazama karibu. Hiyo ndiyo ingekuwa vinia ya matusi, ile ya Dickens.

"Usiipake kitu," alisema. "Aliinunua Benzi huku, kwa dhahabu ya huku. Ionekane ilitengenezewa huku."

Gari halijauzwa. Mwanawe mmoja analiendesha siku za harusi, na bwana harusi hukaa mbele. Nilibakiwa na karatasi nne za ile kaunta, nimezifunga kwenye gazeti na kuzilaza chini ya ubao mzito zisipinde. Ndizo zitakazotumika kipande kile kikiumia tena, maana hakuna mbao nyingine yenye mishipa ile.

Wateja wa vitanda wanaendelea kugonga kwa kidole, nami sasa nawajibu kwa hadithi ya mti wenyewe. Mche wa mninga ukichipua, shina lake hufa kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikija, mwaka baada ya mwaka, wakati mwingine hadi kumi, kwa sababu unajenga mzizi kwanza. Ukipita porini Geita unaweza kuukanyaga ukidhani ni jani la msimu. Ukishajiamini chini ndipo unapanda, na kufikia unene wa kupasuliwa mbao kunachukua miongo mingi, umri wa mtu mzee au zaidi. Ninaowapasulia mbao leo wanalala juu ya miti iliyochipua kabla Swynnerton hajafika Shinyanga. Ile inayochipua sasa itakuwa tayari wakati hatupo, kama kuna atakayeiacha.

Huwa wanasikiliza. Wengine bado wanataka inchi nzima, na wakiwa na mbao yenye kibali nawafanyia. Mwezi uliopita mmoja alirudi na mlango wa mninga wa nyumba ya babu yake iliyobomolewa, akauliza unaweza kutoa karatasi ngapi. Tuliupima pamoja.